Mutoto anaenda kusoma inchi ya kigeni: mambo ya afya na usalama ambayo haifai kuficha

Kila mwaka, wakati masomo inakaribia kuanza, kwenye mipaka yetu ya mashariki tunaona picha ileile: kijana na valize mbili, mama anamushika mukono, baba anahesabu dola kwa mara ya mwisho. Wamoja wanavuka Kasindi, Bunagana, Mahagi ao Kavimvira, wanaenda Kampala, Bujumbura, Nairobi. Wengine wanapanda ndege kwenda India, China, Uturuki ao Ulaya. Familia imeuza shamba, imeuza ng'ombe, ao imekopa kwa likelemba. Watu wanaomba, wanalia kidogo, gari inaondoka.

Tunazungumuza sana juu ya viza, juu ya minerval, juu ya iniversite gani iko muzuri. Juu ya afya na usalama tunasema neno moja tu: "Ujichunge." Lakini kujichunga namna gani? Mutoto hajui, na mara mingi muzazi naye hajui.

Ukiangalia namna shida inakua kwa wanafunzi wetu kule inje, utaona kama mara mingi haianzi na jambo kubwa. Inaanza na jambo dogo ambalo mutu alificha. Homa ambayo hakusema kwa sababu hakutaka kutumia franga. Karatasi ya kukaa ambayo ilipita tarehe, akaogopa kwenda kwa biro. Pasipoti ambayo mwenye nyumba alikamata. Huzuni ambayo aliita "uchovu tu". Kila moja ya mambo hayo iko na dawa yake kama inasemwa mapema. Katika habari hii tunaeleza hatua kwa hatua nini inafaa kufanya mbele ya safari, nini inafaa kufanya kisha kufika, na nani inafaa kuambiwa.

MBELE YA SAFARI: MWILI NA MAKARATASI

Sindano ya kwanza ni ile ya homa ya manjano. Kongo iko kati ya inchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo inchi mingi zinaomba kadi ya manjano kwa kila mutu anayetoka kwetu. Kuna mambo ambayo watu wanasahau. Kadi inaanza kuwa na nguvu siku 10 kisha sindano, haiko siku ileile. Mwenye kuchomwa siku ya kwanza na kupanda ndege siku ya posho bado hajatimiza. Tangu tarehe 11 mwezi wa saba 2016, kadi ni ya maisha yote. Zamani ilikuwa ya miaka 10. Kwa hiyo ukiwa na kadi ya zamani, haiko lazima kulipa tena. Na jina kwenye kadi inafaa lilingane na jina la pasipoti, herufi kwa herufi. India, kwa mfano, inaweza kumuweka karantini mpaka siku 6 mutu anayetoka kwetu bila kadi ya kweli. Hebu fikiri: siku ya kwanza ya maisha yako mupya unaianzia ndani ya chumba cha kufungiwa.

Tunajua wote kama kuko watu wanauzisha kadi bila sindano. Usinunue. Karatasi inaweza kupita mbele ya askari wa mupakani, lakini ugonjwa hausomi karatasi. Nenda kwa biro ya hygiène aux frontières, uchomwe, usubiri siku zako 10.

Uliza pia munganga juu ya sindano zingine: pepopunda, surua, hepatiti B na meningiti. Meningiti inaambukiza haraka mahali watu wengi wanalala pamoja, na internat ya wanafunzi ni mahali kama hapo.

Kisha, jua mwili wako. Kuko vijana wanafika miaka 20 bila kujua kama wako AA, AS ao SS. Ile kipimo cha elektroforezi inafaa ifanywe hapa nyumbani, mbele ya kuondoka. Mutu wa SS anaweza kusoma inje na kufaulu vizuri, lakini baridi kali, kukosa maji mwilini na uchovu zinaweza kumuletea krizi. Kule Urusi, China ya kaskazini ao Ulaya, mwezi wa kwanza baridi inashuka chini ya zero. Munganga wa kule mara mingi hajazoea ugonjwa huu kama waganga wa kwetu. Kama mwanafunzi hasemi, munganga anaona kijana analia kwa maumivu na hajui aanze wapi.

Mwenye kunywa dawa kila siku, iwe ya VIH, kisukari, kifafa, tension ao pumu, abebe dawa ya kutosha mpaka atakapopata munganga kule. Dawa ya miezi tatu ni kipimo kizuri kama hospitali inakubali kutoa. Abebe pia barua ya munganga, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, yenye kuonyesha ugonjwa, kipimo cha dawa, na jina la dawa yenyewe, haiko jina la kampuni, kwa sababu jina la kwenye boite linabadilika toka inchi moja mpaka ingine. Dawa ibaki ndani ya boite yake ya kwanza, na ikae kwa mufuko wa mukononi. Valize inaweza kupotea.

Hapa kuko mutego. Tramadol na dawa zenye kodeini, ambazo kwetu mutu anaweza kuzipata kwa farmasi ya kando ya barabara, katika inchi zingine zinahesabiwa pamoja na dawa za kulevya. Misri na Falme za Kiarabu zinakamata watu juu ya hiyo, hata kama mutu anapita tu kubadilisha ndege. Angalia mufuko wako vizuri. Kama dawa haina barua ya munganga, iache nyumbani.

Na kama unaenda Urusi, ujue mapema: inaomba kipimo cha VIH kwa mugeni anayetaka kukaa zaidi ya miezi tatu, na mwenye kupatikana nayo anaweza kukataliwa. Ni heri kujua jambo hilo ukiwa bado unachagua inchi, kuliko kulijua kisha kulipa minerval.

ASIRANSI: ULIZA MBELE YA KULIPA

Kwetu tumezoea kulipa hospitali siku ya kugonjwa. Kule inje, usiku moja ya hospitali inaweza kumaliza franga ya mwaka muzima. Ufaransa inaandikisha wanafunzi wa kigeni kwa asiransi ya ugonjwa bila kulipisha. Lakini inafaa mwanafunzi ajiandikishe mwenyewe, haiji yenyewe. Ujerumani haikuandikishi kwa iniversite bila asiransi. Uturuki inamupa mwanafunzi wa kigeni miezi tatu kutoka siku ya kujiandikisha mara ya kwanza ili aombe asiransi ya serikali. Ukiacha miezi hiyo ipite, mulango unafungwa. India na inchi zingine mingi, mwanafunzi ananunua asiransi ya kampuni.

Maulizo ya kuuliza ni manne, na uyaulize kwa kuandika ili upate jibu la kuandikwa. Asiransi inalipa hospitali moja kwa moja, ao mimi nalipa kwanza kisha wananirudishia? Inalipa ajali ya moto? Inalipa mimba na kuzaa? Na kama nakufa, inalipa kusafirisha mwili? Ulizo la mwisho hakuna mutu anapenda kulitamuka. Lakini tumeona mara ngapi, kwa makanisa na kwa vikundi vya WhatsApp, watu wanakusanya franga kwa majuma mengi juu ya maiti ya kijana mwenye kukwama mbali.

HOMA: SEMA UMETOKA WAPI

Kama utashika jambo moja tu ndani ya habari hii, shika hili.

Mutu anaweza kuondoka Uvira, Kalemie, Bunia ao Kindu akiwa na malaria ndani ya damu bila kusikia kitu. Homa inakuja kisha juma moja, mbili, tatu, akiwa tayari darasani mbali na nyumbani. Mara mingi ni katika mwezi wa kwanza, lakini inaweza kuchelewa zaidi. Kwetu, mutu akisikia baridi, kichwa na viungo, hata bibi wa kijijini anasema "malaria". Lakini kule Ulaya, ao China ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kama imemaliza malaria, munganga kijana anaweza kuwa hajaona mugonjwa wa malaria hata mara moja. Anaona homa, anafikiri gripi, anatoa parasetamoli, anasema: "Rudi nyumbani, upumzike." Na malaria ya kwetu, ile ya falciparum, inaweza kupanda kwa kichwa na kuua ndani ya siku chache.

Kwa hiyo, katika miezi tatu ya kwanza, homa yote ni malaria mpaka kipimo kiseme hapana. Nenda hospitali siku ileile. Usiseme tu "niko na homa." Sema: "Nimetoka Kongo tarehe fulani. Kwetu kuko malaria. Naomba munipime malaria leo." Andika maneno hayo kwa karatasi, kwa luga ya inchi ile, uweke ndani ya telefone. Kama kipimo cha kwanza kinasema hapana na homa inaendelea, omba warudilie kesho yake.

Wanafunzi wamoja wanaogopa kusema wanatoka Kongo. Wanafikiri watafungiwa juu ya Ebola ao mpox. Woga huo tunauelewa. Ni kweli unaweza kuulizwa maulizo mingi, hata kuwekwa pembeni kidogo. Lakini munganga asiyejua umetoka wapi atatafuta ugonjwa ambao haiko wako.

Kuko pia upande wa pili, ambao hata watu wazima hawajui. Kinga yetu dhidi ya malaria haikai milele. Inalindwa na kule kuumwa na mbu kila wakati. Mutu akikaa mwaka moja, mbili bila malaria, kinga inapunguka. Akirudi likizo, anasema: "Mimi ni mutoto wa hapa, chandarua ya nini?" Kumbe mwili wake sasa unafanana karibu na wa mugeni. Anapata malaria kali kuliko ndugu zake waliobaki. Kwa hiyo, anayekuja likizo alale ndani ya chandarua kila usiku, na aulize munganga wa kule juu ya dawa za kuzuia mbele ya kupanda ndege. Akirudi masomoni na kupata homa, hesabu ya miezi tatu inaanza upya.

KAMPALA: KUJISIKIA NYUMBANI KUNADANGANYA

Wanafunzi wengi wa mashariki wanaenda Uganda. Ni karibu, kuko ndugu, na kwa soko mutu anaweza kupata fufu na sombe. Njo maana watu hawajitayarishi. Wanasema: "Kampala ni hapo tu."

Lakini hapo tu ni inchi ingine. Tangu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wamoja wanafikiri hakuna tena haja ya makaratasi. Haiko vile. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kibali cha mwanafunzi, na kibali kiko na tarehe ya mwisho. Mwenye tarehe iliyopita anaogopa polisi, na mwenye kuogopa polisi hawezi kushitaki mwizi, mwenye nyumba, wala mutu aliyemutendea mabaya. Watu wabaya wanajua hilo, wanatafuta wenye makaratasi yaliyopita.

Hatari ya kila siku Kampala ni bodaboda. Moto ni mingi, barabara zimejaa, na mwanafunzi mwenye kuchelewa anapanda ya kwanza inayopita, wakati mwingine watu watatu kwa moto moja. Vaa kofia ya moto. Kuko kampuni za bodaboda za kuita kwa telefone, kama SafeBoda, ambazo dereva anajulikana jina na anabeba kofia ya abiria. Usiku, heri ulipe zaidi kidogo.

Juu ya magonjwa, Kampala inafanana na kwetu: malaria iko, tifoide iko. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Uganda ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan pale Kampala, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 26 mwezi wa ine. Mpox nayo, ile aina mupya iliyoonekana kwanza Kamituga, ilivuka mipaka mwaka 2024. Sisi watu wa Beni, Butembo, Mbandaka tunajua kazi hiyo: kunawa mikono, kutogusa mugonjwa bila kinga, kutogusa maiti. Kile kinafaa kuongezwa ni kusikiliza radio ya inchi ulimo, na kutoamini kila odio ya WhatsApp.

Namba za kuita msaada Uganda ni 999 ao 112. Ziandike leo.

INDIA: JOTO, MBU WA MCHANA, NA KARATASI YA SIKU 14

India iko na wanafunzi Wakongomani miaka mingi sasa. Masomo ni ya bei ya kati, waganga ni wengi, na dawa haiko bei kali. Lakini mambo matatu inashitua wageni.

Jambo la kwanza ni karatasi. Mwenye viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 inafaa ajiandikishe kwa biro ya wageni, ile wanaita FRRO, ndani ya siku 14 kisha kufika. Mwenye nyumba naye inafaa atangaze mugeni kwa serikali. Kama anakataa, tafuta nyumba ingine, hata kama ile iko bei chini, kwa sababu siku ya shida atasema hakujui. Na viza ya masomo haikuruhusu kufanya kazi. Mutu anayekuambia "fika tu, utajilipia minerval kwa kazi" anakudanganya.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Kule Delhi, mwezi wa tano na wa sita joto linapanda mpaka digri 45. Mutu wa Butembo ao Goma hajawahi kusikia joto kama hilo. Kunywa maji mbele ya kusikia kiu, usitembee saa sita ya muchana, na kama mwenzako anaanza kusema ovyo ao anaacha kutoka jasho huku mwili unawaka, muweke kivulini, mumwagie maji, muite ambulansi. Kisha mvua inakuja, na pamoja nayo dengi. Mbu wa dengi anauma muchana, kwa hiyo chandarua ya usiku peke yake haitoshi. Dengi inaleta homa kali na maumivu ya mifupa. Usinywe aspirini wala ibuprofeni kwa homa ambayo hujui, kwa sababu kwa mwenye dengi zinaweza kuongeza kutoka damu. Parasetamoli, maji, na kipimo cha damu. Mwisho wa mwaka, hewa ya Delhi inajaa moshi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta kila siku.

Jambo la tatu ni gumu kusema. Ubaguzi uko. Mwezi wa tano 2016, kijana Mukongomani alipigwa mpaka kufa mujini New Delhi, kisha ugomvi ulioanza juu ya kukodi riksha. Wajumbe wa inchi za Afrika walikasirika wote pamoja, na serikali ya India ililazimika kujibu. Hatusemi hayo ili kutisha. Wanafunzi maelfu wanamaliza na kurudi na diplome yao. Lakini kijana anayefika inafaa ajue. Patana bei mbele ya kupanda. Ukitukanwa usiku na hauko na mwenzako, haki yako itatetewa vizuri zaidi kesho mbele ya biro ya wanafunzi wa kigeni kuliko sasa katikati ya barabara. Ondoka, ingia mahali penye taa na watu, piga 112. Ambulansi ni 108. Kwa nyumba, punguza kelele za mizike usiku; ugomvi mingi na majirani unaanza pale.

Na mahali popote unapita, usibebe mufuko wa mutu mwingine, hata kama ni Mukongomani, hata kama ni wa kanisa lako. Sheria ya India juu ya dawa za kulevya ni kali, miaka 10 mpaka 20 kwa kiasi kikubwa. "Sikujua" haitakutoa gerezani.

BURSE AMBAYO HAIKO BURSE

Vita na kukosa kazi vimefanya vijana wetu waamini haraka. Tangazo linasema: masomo bure, tiketi bure, mushahara kila mwezi, uamuzi ndani ya siku tatu. Wamoja wamefika na kujikuta boyi wa nyumba.

Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza kisa cha programu inayoitwa Alabuga Start, kule Tatarstan, Urusi. Wasichana Waafrika wa miaka 18 mpaka 22 waliitwa kwa matangazo ya intaneti, waliahidiwa kazi pamoja na masomo. Wamoja wao walijikuta wanaunganisha droni za vita ndani ya kiwanda. Mwezi wa ine mwaka ule, eneo hilo lilishambuliwa na droni toka Ukraine, na nyumba ambamo wageni walikuwa wanalala iliguswa. Wasichana hao hawakuwa wajinga. Tangazo lilikuwa zuri, na hakuna mutu aliwaambia waulize nini.

Uliza hivi. Iniversite iko kwa orodha ya serikali ya inchi ile? Uganda iko na baraza la NCHE linalotangaza iniversite zinazotambuliwa. India, ile komisyo ya UGC inatangaza hata majina ya iniversite za uongo. Andikia iniversite yenyewe, kwa anwani ya kwenye saiti yake, haiko ile ambayo mutu wa kati alikupa. Uliza tena: Kongo iko na ambasade pale? Saipurasi ya Kaskazini, kwa mfano, inavuta wanafunzi Waafrika wengi, lakini hakuna inchi inayoitambua isipokuwa Uturuki. Ambasade yetu ya Uturuki iko Ankara, ng'ambo ya bahari. Mwanafunzi akikamatwa ao akikosa minerval pale, msaada uko mbali.

Na pasipoti: ni mali ya inchi ya Kongo, imeandikwa ndani. Hakuna mwenye nyumba, patron, wala "mama wa kanisa" mwenye haki ya kuikamata. Akiikamata, usisubiri juma liishe. Ambia ambasade, ambia iniversite, ambia polisi.

KWA WASICHANA, NA HATA VIJANA WA KIUME

Franga ikikosa, watu wa "kusaidia" wanatokea: mwenye nyumba anayesema mutaelewana, mutu muzima anayelipa minerval. Hatukuje hapa kuhubiri. Tunasema tu kile hospitali inajua. Mutu akibakwa, saa 72 za kwanza ni za maana sana: ndani ya saa hizo kuko dawa za kuzuia VIH, ambazo kwetu Kivu tunazijua kwa jina la kit PEP. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi mpaka siku 5, lakini ni heri mapema. Enda hospitali mbele ya kuoga kama unaweza, na usifue nguo. Kutibiwa kunakuja kwanza. Kushitaki utaamua kisha. Kosa haiko lako, hata kama ulienda wewe mwenyewe kwa nyumba yake.

KICHWA NA MOYO

Tangu mwezi wa kwanza 2025, wakati vita iliingia Goma na benki zikafunga milango, kuko wanafunzi waliobaki inje bila franga ya nyumba na bila habari ya wazazi. Wanakesha kwa telefone, wanatafuta sura ya nyumba yao ndani ya video. Asubuhi wanaingia darasani bila kulala. Mutu kama huyo haiko muvivu. Amechoka kwa kichwa.

Angalia alama: kutolala majuma mawili, kutokula, kuacha kutoka chumbani, kunywa pombe peke yake, kuacha kujibu telefone, kusema "heri nisingekuwapo." Hiyo ya mwisho ni ya haraka kama homa ya malaria. Usimuache peke yake, muite mutu, mupeleke hospitali. Iniversite mingi ziko na mushauri wa kusikiliza wanafunzi, bila kulipa na bila kuambia maprofesa. Kumuona haiko uchawi, wala kukosa imani. Unaweza kusali na kumuona siku ileile.

Juu ya habari za vita, weka saa: asubuhi mara moja, jioni mara moja. Na kama minerval inachelewa kwa sababu ya vita, andika barua kwa iniversite mapema, eleza, omba muda. Iniversite inaweza kukubali kusubiri mutu aliyeandika. Mwenye kunyamaza wanamufuta.

MUZAZI, KAZI YAKO

Mutoto anaficha kwa sababu anaona muzazi ameuza kila kitu. Akisema amegonjwa, anasikia kama anaiba. Kwa hiyo, mbele ya mupaka, mwambie maneno haya kwa kinywa chako: "Ukigonjwa, niambie. Ukianguka mutihani, niambie. Sitakasirika kuliko vile nitalia nikikuzika." Kisha timiza. Siku atakuambia jambo baya, vuta pumzi kwanza, sikiliza mpaka mwisho.

Wewe pia usifiche kila kitu. Kama mumekimbia kijiji, mwambie. Atajua tu kwa Facebook, na siku ile ataacha kuamini telefone zako.

Patana naye siku na saa ya kuongea kila juma. Patana neno moja la siri, kama jina la mbwa ya jirani, ambalo akilisema maana yake ni "niko hatarini, siwezi kuongea." Patana njia mbili za kutuma franga, haiko moja. Na kama inawezekana, weka pembeni bei ya tiketi ya kurudi, usiiguse hata kwa arusi.

Mwisho, karatasi moja ya kuweka ndani ya pasipoti, na kopi ibaki nyumbani: jina, kundi la damu, AA ao AS ao SS, magonjwa na dawa, namba ya asiransi, namba ya ambasade, namba ya mutu moja wa kuaminika kule, na namba mbili za familia. Piga foto ya kila ukurasa wa pasipoti, viza na diplome, utume kwa ndugu moja. Kazi hiyo inamalizika kwa dakika 20.

Kama mutoto wako tayari ameenda, haiko bado saa ya kuchelewa. Leo jioni mupigie telefone. Usimuulize kwanza juu ya points. Muulize alilala namna gani, alikula nini, na kama tarehe ya karatasi yake ya kukaa inapita lini.